Shali ya Alpaka na Mizani ya Haki

Somo: Walawi 19:19, 35-36, Matendo 9:36-39



Wiki chache zilizopita, baada ya ibada ya pili, dada mmoja wa hapa kanisani alinisimamisha mlangoni na mkoba wake wa kufumia. Akaniuliza, "Pasta, ati Biblia inakataza nguo ya nyuzi mbili? Maanake shali zangu ni pamba na alpaka. Kwani natenda dhambi?" Ameniruhusu nisimulie, bora nisimtaje jina.

Wengi wetu hatujamwona alpaka. Ni mnyama wa milima ya Peru na Bolivia, wa ukoo wa ngamia, na hunyolewa manyoya kama kondoo. Uzi wake ni mwororo na una joto sana, lakini nguo ya alpaka tupu huvutika ikalegea, na kwa jua letu la Diani utatoka jasho kabla ya kufika barabarani. Pamba tunaijua, wako wakulima huku Kwale wanaoilima. Inapitisha hewa na kunyonya jasho, ila haina lile joto. Ukizichanganya, unapata shali nzuri ya kujitupia mabegani jioni upepo wa bahari ukivuma. Dada yetu aliletewa madonge ya uzi huo na mgeni anayekuja Diani kila mwaka. Akamfumia shali zake, na uzi uliobaki akaachiwa.

Basi nikamjibu haraka, tena kwa raha ya mtu anayejua jibu. Nikamwambia Kumbukumbu 22:11 inafafanua kwamba ni sufu na kitani, kwamba sheria ile iliwatenga Israeli na mataifa, na kwamba kwenye Matendo 15 mitume hawakututwisha mzigo huo. "Fuma kwa amani, dada."

Jioni nikafungua sura yote. Mstari wa 19 unazungumzia uzi, sawa. Nikateremka mpaka wa 35 na 36, pale Bwana anapowadai watu wake mizani ya haki na vipimo vya haki. Sura ni ile ile! Moyo ukanichoma, kwa sababu lebo za zile shali najua nani aliziandika. Ni mimi.

Ilikuwa hivi. Uzi wa mgeni ulipokaribia kuisha, dada alinunua mwingine Ukunda, ule ambao sote tunauita "wulu". Sasa wulu hiyo, mara nyingi, haijawahi kumwona kondoo. Ni akriliki, yaani nyuzi za kiwandani, za jamii ya plastiki. Akawa anafuma shali kwa akriliki, na pindo tu kwa uzi wa alpaka. Nami na digrii yangu ya biashara nikamshauri kwamba jina ndilo linalouza. Nikachapa lebo: "Alpaka na pamba." Nikajiambia si uongo, alpaka si imo? Imo, ndiyo. Kwenye pindo.

Hebu tujiulize kwa uwazi: nikinyamazia jambo ambalo mteja hawezi kulijua mwenyewe, nimedanganya?

Mtu atasema, mteja amefurahi, shali inapendeza, nani ameumia? Lakini wapendwa, hata aliyepimiwa sukari kwa mizani iliyochezewa hutoka dukani akitabasamu. Furaha yake haithibitishi haki yetu. Inathibitisha tu kwamba hakujua. Tena kuna hasara halisi: akriliki ikipigwa pasi ya moto inaharibika, na alpaka ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa hujikunja ikawa ngumu. Asiyeambiwa kilichomo ataiharibu nguo yake, na atadhani kosa ni lake.

Mwingine atasema, sokoni kila mtu anaita wulu. Ni kweli. Lakini chukua kipande cha uzi ukiwashe, kwa uangalifu. Pamba itaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Manyoya yatanuka kama nywele zilizoungua. Akriliki itayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Moto hausomi lebo. Ndiyo maana Paulo, kwenye 1 Wakorintho 3:13, anasema kazi ya kila mtu itapimwa kwa moto.

Nikamwita dada, nikatubu mbele yake kwanza, manake ushauri ulikuwa wangu. Kisha tukakaa na kalamu. Shali moja inamchukua jioni 12, kila jioni saa tatu: jumla saa 36. Uzi ni Sh 900, naye alikuwa akiuza kwa Sh 2,500. Ukitoa uzi, amelipwa chini ya Sh 45 kwa saa. Hapo ndipo nilipoona mzizi wa uongo wetu. Hatukuona haya kuuza jina la mnyama wa Peru, lakini tuliona haya kuuza kazi ya mikono ya mama wa Kwale. Hatukuamini kwamba mikono hiyo ina thamani, tukamwazima alpaka thamani yake.

Mtazame Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea, wakilia. Maandiko hayatuambii hata zilikuwa za uzi gani. Wajane waliona mikono ya aliyezishona.

Tulienda pamoja kwa mwenye duka aliyechukua shali sita. Mbili alikuwa ameshawauzia wageni waliopanda ndege wakarudi kwao. Mbili alizirudisha. Mbili alizikubali kwa bei ya chini, na lebo mpya inayosema ukweli. Siwezi kuwaambia kwamba kesho yake Mungu alileta wateja kumi. Hakuleta. Na wale wageni wawili hatutawapata kamwe. Hilo bado linaniuma. Zakayo aliweza kurudisha mara nne kwa sababu aliowadhulumu alikuwa akiishi nao. Sisi tumeamua kununua pamba safi, naye anafuma shali za watoto wachanga wa akina mama wasio na uwezo. Mimi nimelipia uzi. Hilo halifuti deni la wale wageni, ila tumekataa kukaa na faida yake.

Leo lebo zake zinasema: uzi gani, kiasi gani, saa 36 za kazi ya mikono. Bei imepanda. Anauza chache kuliko zamani, lakini analala usingizi.

Mpendwa, wewe huenda hufumi. Lakini unauza maziwa, mkaa, samaki, au unajaza saa za kazi kwenye karatasi ya mwajiri. Wiki hii kaa chini ujiulize: ni kitu gani mteja wangu angekijua, asingelipa bei hii? Na je, ninakificha kwa sababu ya tamaa, au kwa sababu siamini kwamba kazi halali ya mikono yangu inatosha?

Tuombe: Bwana, utupe mizani ya haki, na utufundishe kutoionea haya kazi ya mikono uliyotupa. Amina.