Faida kwa mwekezaji, mishahara kwa hazina?

Kila linapozuka tena suala la kuwakaribisha wawekezaji katika reli yetu, mimi huikumbuka habari ya TRL. Oktoba 2007 uendeshaji wa Reli ya Kati, pamoja na treni zake za abiria, ulikabidhiwa kwa kampuni hiyo mpya kwa mkataba wa miaka 25. RITES ya India ilishika asilimia 51 ya hisa, serikali yetu asilimia 49. Mwaka haujatimia, wafanyakazi wakagoma wakidai mishahara, na fedha za serikali ndizo zilizoingia kuzima moto. Mkataba ukavunjika, na mwaka 2011 hisa zikarejea serikalini.

Wengi walilijadili jambo lile kwa jicho la Mhindi na Mwafrika. Hilo silioni kuwa na maana. Cha ajabu zaidi ni kuwa RITES yenyewe ilikuwa mali ya serikali ya India. Tuliambiwa serikali haiwezi biashara, kisha tukaikabidhi reli kwa serikali nyingine!

Swali langu ni la uadilifu: je, ni haki mali ya umma kulipa mishahara ya kampuni ambayo mwenye kauli ndani yake ni mwingine?

Tuanze na mfanyakazi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Dereva wa treni, fundi wa njia na mkata tiketi wa Tabora hawakusaini mkataba wa ubinafsishaji. Kuwaacha watoto wao na njaa ili kumkomoa mwekezaji ingekuwa dhulma. Kwa hiyo silaumu kwamba walilipwa.

Lakini kumlipia mdaiwa hakufuti deni lake. Katika fiqhi ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku tunaifuata, washirika hugawana faida na hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Mwenye 51 ana 51 katika neema na 51 katika shida. Na ipo kanuni iliyotokana na Hadith, kwamba faida humfuata mwenye kubeba dhamana. Atakayejibu kuwa serikali nayo ilikuwa mshirika, nami nakubali, ila fungu lake lilikuwa 49 katika kila shilingi 100.

Atasema mwingine: reli ya abiria haijilipi kwa tiketi peke yake, hata Uingereza, iliyobinafsisha reli yake miaka ya 1990, hazina iliendelea kutoa ruzuku. Ni kweli, na mimi siipingi ruzuku. Mama wa daraja la tatu anayetoka Kigoma na magunia yake ana haki katika mali ya umma kama aliye na gari barabarani. Ila ruzuku ya abiria inahesabika: treni ngapi kwa wiki, viti vingapi, nauli imepunguzwa kiasi gani. Treni isipoondoka, hakuna malipo. Mshahara unaotoka hazina hulipwa treni iondoke isiondoke, na mwenye kampuni haoni tena sababu ya kujiuliza kama watu wake ni wengi mno au ni wachache mno. Mfanyakazi naye hubaki bila bwana. Akienda kwa meneja ataambiwa asubiri hazina. Akienda wizarani ataambiwa mwajiri wake ni kampuni.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqarah 282, inahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Basi kila shilingi ya umma inayoingia katika kampuni ya namna hii iandikwe jina lake: ni mkopo, ni nyongeza ya hisa, au ni nauli ya abiria? Na maandishi hayo yasomwe bungeni kabla fedha haijatoka, si baada ya mgomo.