Mwalimu wa Kwanza wa Mwizi

Tuseme mtoto wa miaka kumi, hapa Ipagala, Dodoma, amerudi jioni na kilo ya sukari. Ameinunua kwa fedha ya vipande vya nondo alivyomwuzia mnunuzi wa chuma chakavu. Nondo amezipata wapi? Hakuna aulizaye. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 nyumba mpya zajengwa pande zote, na nondo hulala nje. Mama amsifu: “Sasa umekuwa mwanamume.” Wazazi wapendwa, somo limekwisha kutolewa.

Wataalamu wa saikolojia wanayo maneno juu ya sukari hiyo. B. F. Skinner wa Marekani alifundisha kwamba tendo lenye kufuatwa na tuzo hurudiwa. Mwenzake Albert Bandura, mwaka 1965, aliwaonyesha watoto filamu ya mtu apigaye mwanasesere. Walioona mtu huyo akiadhibiwa hawakumwiga sana. Lakini walipoahidiwa zawadi, nao wakaonyesha kwamba walikuwa wamejifunza yote. Adhabu ilificha somo tu, haikulifuta. Wanaotegemea fimbo peke yake na walifikiri hilo.

Naye Edwin Sutherland, mchunguzi wa uhalifu, aliandika kwamba uhalifu hufundishwa kati ya watu wa karibu: mbinu zake, hata udhuru wake. Mwafrika mmoja alikwisha kuliona jambo hili kabla yake. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, asimulia katika Maungamo yake jinsi alivyoiba mapeasi akiwa na miaka 16. Hakuwa na njaa. Matunda mengi walitupiwa nguruwe. Akiri kwamba peke yake asingaliiba. Vijana wa Panya Road, waliotisha Dar es Salaam kwa mapanga mwaka 2022, nao walikwenda kwa makundi.

Hatusemi kwamba aliyefundishwa vibaya hana kosa. Hiari yake ingalipo, na Augustino hakuwasingizia wenzake dhambi yake.

Basi sukari ile isitiwe katika chai. Kanisa ladai kilichoibwa kirudishwe. Baba amshike mtoto mkono, waende kwa mwenye nyumba, walipe thamani ya nondo, na mtoto mwenyewe aseme. Waende kimya, pasipo kukusanya majirani, kwa maana mtoto aliyekwisha kuitwa mwizi na mtaa mzima hukimbilia kwa wale watakaomwita shujaa.