Nyota Mkia na Arubaini ya Baba

Arubaini ya baba ilikuwa haijafika nyota mkia ilipotokea magharibi, Oktoba 2024. Shangazi ndiye aliyeanza kuitaja. "Nyota mkia haiji bure, mwanangu. Imemjia kaka yangu." Sikumjibu. Moyoni nilitaka iwe hivyo.

Baada ya sala ya Magharibi tukaenda ukuta wa pwani, Shangani. Nilichukua darubini ya baba, ile ya macho mawili aliyokuwa akitazamia majahazi yatokayo bara; ukanda wake ungali na chumvi. Nikaegemeza viwiko ukutani, mkono usitetemeke. Zuhura ilikwishawaka kushoto. Nikapandisha polepole kuelekea kulia, nikaiona: kichwa kama pamba iliyochambuliwa, katikati punje ya mwanga, na mkia umesimama juu, unapanuka na kufifia hata siujui mwisho wake. Mkia huo haufuati nyuma kama wa kishada. Jua ndilo linalolisukuma vumbi lake, kwa hiyo huelekea daima upande usio na jua. Jioni ile nyota ilikuwa ikiondoka, na mkia umetangulia.

Wataalamu wa China waliiona tangu Januari 2023, na mwezi uliofuata ikaonekana kwa darubini iliyoko Afrika Kusini. Januari ile baba alikuwa mzima, akipanda ngazi zetu bila kupumzika. Na yenyewe ilikuwa njiani zamani mno, kabla hajazaliwa. Vipi basi iwe imemjia yeye?

Siku Mtume alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Akawakatalia: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuishi kwake. Nimelisikia hilo tangu chuoni, lakini uzito wake niliujua pale ukutani. Alikuwa mzazi aliyefiwa. Faraja ile aliletewa na watu wenyewe, naye akaikataa kwa kuwa haikuwa kweli. Lakini ishara hakuikana. Ishara ya nini, basi, kama si ya misiba yetu? Ninachokijua ni kwamba nilipokuwa nikiitazama nilimkumbuka baba, na kwa mara ya kwanza sikuwa nikitafuta sababu ya kufa kwake.

Nikampa shangazi darubini, nikamshika viwiko. "Subhanallah," akasema, kisha kimya. Hakuirudisha mpaka wingu la bara lilipoifunika. Akaukunja ukanda taratibu, akauliza kama kesho itakuwa chini zaidi.

"Juu zaidi, shangazi."