Boksi Kubwa, Kadibodi Nyepesi: Je, Muuzaji Anamkosea Anayeanza?

Swali ninalolijadili katika insha hii linaweza kuonekana dogo kiasi cha kuchekesha. Mtengenezaji wa mchezo anapouza seti ya wanaoanza ndani ya boksi hafifu, ambalo pembe zake hupasuka baada ya wiki chache, je, anamkosea mnunuzi kimaadili, au amefanya tu kazi isiyo nzuri? Hayo ni mambo mawili. Fundi asiye hodari hukosolewa; mdanganyifu hulaumiwa. Nataka kujua boksi hafifu liko upande gani, na naona jibu linategemea jambo ambalo walalamikaji wengi hulipita haraka, yaani ukubwa wa boksi lenyewe.

Nieleze kwanza mchezo, kwa kuwa si wenzangu wote wanaoufahamu. Michezo ya kuigiza ya mezani huchezwa na watu wanne au watano waliozunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi: anaeleza mahali, watu na hatari. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Hakuna anayeshinda kama katika karata au igisoro. Mchezo mashuhuri kuliko yote wa aina hii ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000: vijitabu vitatu ndani ya boksi lililofunikwa kwa karatasi yenye sura ya mbao, kwa dola 10. Sheria zake zilikuwa nyingi na zenye kumtisha mgeni, kwa hiyo mwaka 1977 kampuni iliyoumiliki, TSR, ilitoa seti ya wanaoanza yenye sheria zilizopunguzwa, dadu, na vitu vichache vya kumwongoza mtu. Tangu hapo desturi hiyo haijakoma, na michezo mingine imeiga.

Sasa tuitazame seti ya mwaka 2014, iliyotolewa na Wizards of the Coast, kampuni inayoumiliki mchezo huo siku hizi. Bei yake ilikuwa dola 19.99. Ndani mlikuwa na kijitabu cha sheria chenye kurasa 32, kitabu cha hadithi chenye kurasa 64, karatasi za wahusika watano waliokwisha kuandaliwa, na dadu 6. Vitu hivyo ukivipanga pamoja ni vyembamba sana. Boksi, hata hivyo, lilikuwa na kina cha mara kadhaa ya hivyo vitu, na nafasi iliyobaki ilizibwa kwa kadibodi iliyokunjwa. Kadibodi ya boksi lenyewe ilikuwa nyepesi. Nimechagua mfano huu kwa sababu unajulikana sana, na kwa sababu hadithi iliyomo ndani imesifiwa na wengi. Hatuzungumzii bidhaa mbovu. Tunazungumzia kitu kizuri kilichovikwa nguo pana isiyo na nguvu.

Utetezi wa kwanza ni kwamba kifungashio ni kifungashio. Kazi yake ni kufikisha bidhaa kutoka kiwandani hadi nyumbani, kisha kutupwa. Hakuna anayelalamika kwamba mfuko wa karatasi wa sukari haukudumu miaka kumi. Utetezi huu nauheshimu, na sisi tunaosoma Kigali tuna sababu ya kuuheshimu zaidi: tumekua chini ya sheria ya mwaka 2008 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki, na tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba kila kifungashio kina gharama anayoilipa mtu mwingine. Boksi jepesi limetumia kadibodi kidogo. Hilo ni jema.

Utetezi wa pili unakuja pale mtu anapouliza kuhusu ile nafasi tupu. Hapo husemwa kwamba boksi si kifungashio tu, ni mahali pa kutunzia mchezo. Anayeanza atanunua dadu nyingine, ataandika kurasa za kumbukumbu, atachora ramani, huenda akapata na vinyago vya wahusika. Vyote vitahitaji mahali pa kukaa, na nafasi imeachwa kwa ajili yake. Huu nao ni utetezi mzuri.

Tatizo ni kwamba tetezi hizi mbili haziwezi kusimama pamoja. Kama boksi ni kifungashio cha kutupwa, lilipaswa kulingana na vilivyomo. Kama ni chombo cha kutunzia, lilipaswa kuwa imara. Boksi lililo kubwa na hafifu kwa wakati mmoja limekataa masharti ya pande zote mbili: ni kubwa mno kuwa kifungashio, ni dhaifu mno kuwa chombo. Kwa hiyo lazima liwe na kazi ya tatu, na kazi hiyo si ngumu kuigundua. Linasimama kwenye rafu ya duka kando ya michezo mingine yenye maboksi makubwa, na linatakiwa lisionekane dogo. Kazi yake hasa inaisha pale mteja anapolipa.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, anauzungumzia ukweli kama tabia njema iliyo katikati ya maovu mawili. Upande mmoja yupo mwenye majivuno, anayejidai kuwa na zaidi ya alicho nacho. Upande mwingine yupo anayekana hata kile alicho nacho. Alikuwa akiwazungumzia watu, lakini sioni kwa nini kitu kilichotengenezwa na watu kisiweze kubeba tabia ya waliokitengeneza. Boksi linaweza kujivuna. Linaweza kusema kwa umbo lake jambo ambalo maandishi yake hayalisemi.

Na hapa lazima nimtendee haki mtengenezaji. Nyuma ya boksi la 2014 vilivyomo viliorodheshwa. Aliyesoma alijua anachonunua. Hakuna aliyepunjwa ukurasa wala dadu, na hii si mizani ya udanganyifu ambayo Biblia na Kurani zinailaani, maana pale mnunuzi hulipia kilo moja akapewa robo tatu. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa maneno ni ya kweli, umbo linaweza kuwa la uongo?

Nadhani linaweza, kwa sababu ya aina ya mnunuzi. Mchezaji wa siku nyingi akisoma "kurasa 32" anajua maana yake. Anajua kitabu kikuu cha wachezaji cha mwaka huohuo kiliuzwa dola 49.95, na anaweza kupima. Anayeanza hajui kurasa 32 ni nyingi au chache. Hajui kama dadu 6 zinatosha watu watano. Hawezi kufungua, kwa sababu boksi limefungwa kwa plastiki. Ukienda sokoni Kimironko kununua maharage, unaingiza mkono ndani ya gunia, unachota, unaangalia kama yana wadudu. Mbele ya boksi lililofungwa una macho tu, na macho yanaona ukubwa. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba maelezo yaliandikwa inamfaa zaidi yule asiyehitaji kuelezwa. Seti ya wanaoanza inauzwa kwa watu walewale wasio na kipimo, na hilo ndilo linalouongeza wajibu wa muuzaji badala ya kuupunguza.

Sheria za Marekani zenyewe hazikulipuuza jambo hili. Sheria ya mwaka 1966 kuhusu vifungashio na lebo inaitambua hali ya kifungashio kujazwa pungufu sana bila sababu ya kikazi, na sababu zinazokubalika ni mbili tu: kuvikinga vilivyomo, na mahitaji ya mashine zinazofungasha. Siitaji ili kumshtaki mtu. Nimeitaja kwa kuwa waliotunga sheria hiyo, iliyolenga bidhaa za kawaida za nyumbani, waliona kwamba nafasi tupu inaweza kuwa aina ya usemi. Kuvutia macho dukani hakumo katika zile sababu mbili.

Sasa nije kwa udhaifu wenyewe, nikiuacha ukubwa kando. Je, boksi dogo, linalolingana na vilivyomo, lakini hafifu, nalo lina kosa? Historia ya mchezo huuhuu inanizuia kujibu haraka. Mwaka 1979 kulitokea uhaba wa dadu. TSR haikuwa nazo za kutosha, lakini haikusitisha seti yake. Ndani iliweka karatasi ngumu zenye vipande vya namba vya kukatwa, pamoja na kuponi ya kuagizia dadu. Mtoto aliyenunua alikata vipande, akaviweka ndani ya kikombe, akachomoa kimoja pale ambapo wengine wangerusha dadu. Ni vigumu kufikiria kitu hafifu kuliko hicho. Hata hivyo sioni udanganyifu ndani yake. Kadibodi ile ilikiri kuwa ni kadibodi, na kuponi ilikiri kwamba kuna kitu kinakosekana. Miaka miwili baadaye seti ya 1981 ilikuja na dadu ambazo namba zake hazikupakwa rangi, pamoja na kipande cha krayoni ili mnunuzi azipake mwenyewe. Binafsi naona jambo hilo linapendeza. Upungufu uligeuzwa kuwa kazi ya kwanza ya mchezaji.

Kwa hiyo wepesi peke yake si kosa. Na bei ni hoja nzito. Paizo, kampuni ya Pathfinder, ilitoa mwaka 2011 boksi la wanaoanza lililojaa kweli: vitabu viwili, ramani ya mezani, dadu 7, na vikaragosi vya kadibodi zaidi ya 80. Lilipendwa mno, lakini bei yake ilikuwa juu zaidi. Anayetaka kila seti iwe hivyo anataka pia baadhi ya watu wabaki nje ya duka. Nikiwa mwanafunzi siwezi kuidharau tofauti hiyo ya bei. Ila tukumbuke kwamba hoja ya bei inautetea wepesi, haiutetei ukubwa. Boksi jembamba lingetumia kadibodi pungufu na kuchukua nafasi ndogo zaidi melini.

Kuna hoja nyingine ya kuutetea wepesi ambayo imenisumbua zaidi. Wittgenstein, mwishoni mwa Tractatus, anafananisha kazi yake na ngazi ambayo mtu akishaipanda anaitupa. Seti ya wanaoanza ni ngazi ya namna hiyo. Ukishajifunza huihitaji tena. Utanunua vitabu vikubwa, utabuni hadithi zako. Kwa nini ngazi idumu kuliko safari ya kuipanda?

Nina jibu, na linatokana na jinsi mchezo unavyochezwa. Hauchezwi na mnunuzi peke yake. Seti yenye wahusika watano imeandaliwa kwa ajili ya watu wanaofika hata watano na msimulizi wao, na kwa kawaida aliyelipa ni mmoja. Chuoni kwetu kuna kikundi kinachocheza mchezo mwingine wa aina hii, na seti yao, niliyoitumia mwenyewe mwaka jana, iliachwa na mgeni aliyerudi kwao. Imepita mikononi mwa makundi matatu. Boksi limezungushwa selotepu mpaka picha ya mbele haionekani vizuri, vijitabu vimetoka kwenye pini, na karatasi za wahusika tumezitoa fotokopi kwa sababu zile za asili zilichakaa kwa kufutwafutwa. Aliyeinunua hakupata hasara yoyote: aliipanda ngazi yake akaondoka. Waliopata hasara ni waliokuja baada yake, na hao ndio wasingeweza kununua ya kwao.

Nimekutana na jibu kwamba mtengenezaji hana deni kwa mtu asiyemlipa. Kisheria ni kweli. Lakini mtengenezaji huyu ameuza kitu ambacho asili yake ni kugawana. Hakuna anayeweza kukitumia akiwa peke yake chumbani. Amewahesabu waliozunguka meza pale alipochapa wahusika watano. Akiwahesabu katika kuandaa mchezo, si haki kuwasahau katika kuchagua karatasi. Sisemi atengeneze sanduku la mninga. Pini imara zaidi, gamba la kijitabu lililo gumu kuliko kurasa zake, pembe za boksi zilizokunjwa mara mbili: hayo yangetosha, na yangeweza kugharamiwa na kadibodi ile iliyotumika kuziba nafasi tupu.

Wengine huona mjadala huu ni wa wakusanyaji wanaotaka pembe zisizo na mkunjo ili wauze nakala zao baadaye. Seti za 1974 zilizotunzwa vizuri huuzwa kwa maelfu ya dola. Malalamiko ya mkusanyaji nayaacha kando. Yeye hamtaki mtu aliguse boksi, nami nazungumzia maboksi yanayoguswa.

Lipo pia jambo lililobadilika katika miaka ya karibuni. Tangu 2014 sheria za msingi za Dungeons & Dragons zinapatikana bure kwenye intaneti, na Januari 2023 sehemu kubwa ya maandishi ya sheria iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ili yeyote aitumie. Kuna wanaosema kwamba kwa sababu hiyo boksi halina umuhimu tena. Mimi naliona kinyume. Mwaka 1977 mtu alilipia maneno, na kadibodi ilikuwa njia ya kuyasafirisha. Leo sheria za msingi anaweza kuzipata bila kulipa, kwa simu, akiwa Kigali au Goma. Anayeamua bado kununua boksi analipia kile ambacho simu haimpi, yaani dadu anazoweza kuzishika, karatasi za kuwagawia wenzake mezani, hadithi iliyochapwa, na mahali pa kuvirudisha vyote usiku unapoisha.