Mwanafunzi na Ahadi ya Utiifu



Katika kikao chetu cha masomo limeletwa swali ambalo halikuzaliwa hapa kwetu, bali limetoka kwa jamaa zetu waliohamia Marekani. Kijana amemaliza skuli, amekubaliwa na chuo kikuu, na ada ya chuo ni kubwa kuliko uwezo wa baba yake. Jeshi la nchi ile lamwambia: Ingia chuo, soma utakalo, nasi tutakulipia, ila wakati huo huo ujifunze uafisa, na siku utakayopata shahada utakuwa luteni wetu. Je, akubali? Na akikubali, amefanya jema, au amefanya baya, au amefanya jambo ambalo wema na ubaya wake wategemea kitu kingine?

Wengi wetu hulijibu swali hili kabla ya kulifikiri. Mmoja husema: askari ni askari, na kazi yake ni kuua, basi mwanafunzi asikaribie. Mwingine husema: riziki ni riziki, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi twaona majibu yote mawili ni mepesi mno, na jambo hili ni zito.

Kwanza yatupasa tulijue lilivyo. Wamarekani tangu zamani walikhofu kuwa na jeshi ambalo maafisa wake wote wametoka katika skuli moja ya kijeshi, wakawa tabaka mbali na raia. Mwaka 1819 Alden Partridge, aliyewahi kuwa mkuu wa skuli ya kijeshi ya West Point, alianzisha Vermont chuo ambacho leo chaitwa Norwich, ili kijana asome elimu za kiraia na za kijeshi pamoja. Mwaka 1862, vita vya wao kwa wao vikiendelea, sheria ilitoa ardhi ya serikali kwa ajili ya vyuo vya kilimo na ufundi, na miongoni mwa masomo yaliyotajwa yalikuwamo mafunzo ya kivita. Kisha Sheria ya Ulinzi ya mwaka 1916 ikauweka mpango wenyewe, ujulikanao kwa herufi nne, ROTC, yaani Kikosi cha Mafunzo ya Maafisa wa Akiba. Katika vyuo vingi vya namna ile wanafunzi wanaume walilazimishwa kuhudhuria mafunzo haya miaka miwili ya mwanzo, na hali hiyo ikadumu hata miaka ya 1960. Leo si lazima kwa umma wa wanafunzi, lakini sehemu kubwa zaidi ya maafisa wapya wa jeshi la nchi kavu hutoka katika mlango huu.

Kijana aliyeingia huamka alfajiri siku kadha za juma kwa mazoezi ya mwili. Huwa na somo lake la mambo ya kijeshi, huvaa sare siku maalumu, hujifunza kusoma ramani, kuongoza kikundi, kutoa amri na kupokea amri. Baina ya mwaka wa tatu na wa nne hupelekwa kambini Fort Knox, Kentucky, akapimwa uongozi wake. Masomo mengine yote husoma pamoja na wenzake: uhandisi, tarekhe, lugha. Aliyefadhiliwa kwa miaka minne aweza kutoka bila ya deni kabla ya kuanza mwaka wa pili. Akisha kuuvuka mpaka huo, akitaka kutoka hudaiwa, ama fedha zilizotumika juu yake, ama utumishi. Na akimaliza, jumla ya wajibu wake ni miaka minane, mingine katika jeshi lenyewe na mingine katika akiba.

Watu wetu wakisikia khabari hizi, jambo la kwanza wanalouliza ni ndevu na mtandio. Swali hilo lina haki yake, na liliwahi kupata jawabu. Chuo cha Norwich kilikubali mtandio mwaka 2016, na mwaka 2017 jeshi la nchi kavu likatoa utaratibu wa kuruhusu ndevu, vilemba na mitandio kwa sababu za dini. Lakini kijana aweza kuruhusiwa kila kilicho kichwani mwake kwa nje, na bado hatujauliza juu ya kilicho kichwani kwa ndani. Swali lililo kubwa ni la utiifu.

Chuo kikuu na jeshi vyamtaka mtu mmoja kwa mambo mawili yanayovutana. Mwalimu wa chuo humwambia: usikubali neno mpaka ujue dalili yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Jeshi humwambia: palipo khatari hapana nafasi ya kuuliza, amri ikitoka, tenda. Wala jeshi halisemi hivyo kwa ujinga. Kikosi ambacho kila askari wake angoja kuridhika kwanza ni kikosi kilichokwisha kushindwa. Basi kijana huyu asubuhi yuko uwanjani akifundishwa kutii, na adhuhuri yuko darasani akifundishwa kuhoji. Je, mambo haya mawili yakaa katika moyo mmoja?

Wako waliosema hayakai. Wakati wa vita vya Vietnam vyuo vikubwa kama Harvard viliuondoa mpango huu. Na katika chuo cha Kent State, Ohio, jengo lake lilichomwa moto tarehe 2 Mei 1970, na siku mbili baadaye askari wakawapiga risasi wanafunzi, wakafa wanne. Hoja ya wapinzani ilikuwa wazi: nyumba ya elimu isitengeneze watu wa kuua. Hoja hii tunaiheshimu, lakini ina upungufu. Chuo kikimfukuza afisa, jeshi halifungi mlango wake. Latafuta maafisa pahala pengine. Tarehe 16 Machi 1968 katika kijiji cha My Lai askari wa Marekani waliua mamia ya wanakijiji wasiokuwa na silaha, wake, watoto na wazee. Luteni Calley, aliyehukumiwa mwaka 1971 kwa mauaji hayo, hakumaliza chuo. Alifanywa afisa baada ya mafunzo ya miezi tu, na utetezi wake ulikuwa kwamba alitii amri. Wengine walisema katika siku zile: mwafukuza waliosoma, kisha mwashangaa mwaongozwa na wasiosoma.

Neno hilo nalo tusilimeze zima zima. Shahada si kinga. Colin Powell alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaica. Alisoma chuo cha City College, New York, akapita mpango huu huu, akawa afisa mwaka 1958, akapanda mpaka akawa mkuu wa majemadari wote, kisha Waziri wa Mambo ya Nje. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huu kwamba mlango huu humwinua mtoto wa maskini. Naye ndiye aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa tarehe 5 Februari 2003, akaieleza dunia kwamba Iraq ina silaha ambazo baadaye hazikuonekana. Yeye mwenyewe mwaka 2005 alikiri kwamba hotuba ile ni doa katika khabari za maisha yake. Na tumpe haki yake pia: mwaka 2008, watu walipomtia Obama ila ya Uislamu kana kwamba ni dhambi, alisimama akawatetea Waislamu, akataja kaburi la askari Mwislamu, kijana wa miaka 20, aliyekufa Iraq. Mtu mmoja, elimu moja, mafunzo mamoja. Siku moja moyo wake ulishika haki, na siku nyingine ulibeba neno la wakubwa wake bila ya kulipima vya kutosha.

Hapa ndipo tunapokumbuka kisa kilichosimuliwa na Sayyidna Ali, kilichomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituma kikosi, akakiwekea mkubwa na kuwaamuru watu wamtii. Mkubwa yule akawakasirikia. Akawaamuru wakusanye kuni, wakakusanya. Wawashe moto, wakawasha. Kisha akawaamuru wauingie. Baadhi yao wakakaribia kuingia. Wengine wakasema: sisi tulimkimbilia Mtume ili tuokoke na moto, vipi leo tuuingie? Wakasita mpaka moto ukazimika na hasira za mkubwa zikatulia. Khabari ilipomfikia Mtume akaeleza kwamba lau wangeuingia wasingetoka tena, na kwamba utiifu ni katika mema.

Natukitazame kisa hiki vizuri. Waliosita hawakuwa waasi. Walikuwa watiifu katika kukusanya kuni, na watiifu katika kuwasha. Amri mbili za mwanzo hazikuwa na ubaya. Ubaya ulikuja katika ya tatu, na kilichowaokoa ni kwamba walipofika hapo bado walikuwa na uwezo wa kuuliza: sisi tulikuja hapa kwa ajili gani? Ndivyo amri mbaya ijavyo siku zote. Haitangulii. Hutanguliwa na amri nyingi za kuni.

Ajabu ni kwamba hata sheria ya Wamarekani yaelekea huku. Askari wa kawaida wa nchi ile huapa kwamba atatii amri za Rais na za maafisa walio juu yake. Katika kiapo cha afisa ahadi hiyo haimo. Afisa huapa kuiunga mkono na kuitetea Katiba, na huapa kwamba wajibu huo auchukua kwa hiari yake. Maana yake ni kwamba afisa amewekwa awe mtu wa kupima, si wa kupokea tu. Rubani Hugh Thompson alipoyaona mauaji ya My Lai alitua na ndege yake baina ya askari wenziwe na wanakijiji, akawaokoa aliowaweza. Na mwaka 1998, miaka 30 baadaye, jeshi lile lile likamtunuku nishani. Basi mafunzo ya chuoni, yakiwa ya kweli, hayapingani na uafisa. Ni sharti yake. Afisa asiyejua kuhoji ni khatari kwa adui, kwa raia na kwa jeshi lake mwenyewe.

Lakini tusimdanganye kijana wetu. Uwezo wa kukataa amri moja iliyo haramu ni jambo moja. Uwezo wa kukataa vita ni jambo jingine. Mahkama Kuu ya Marekani ilihukumu mwaka 1971 kwamba mwenye kusamehewa kwa ajili ya dhamiri ni yule apingaye vita vyote. Asemaye, vita hivi ni vya dhuluma nami sivitaki, lakini vile ni vya haki ningevipigana, huyo sheria haimpi udhuru. Na hiyo ndiyo dhamiri ya wengi wetu! Sisi hatusemi kila vita ni haramu; twasema yako ya haki na yako ya dhuluma. Basi atiaye saini akiwa na miaka 18 aahidi kuingia vita ambavyo bado havijatokea, dhidi ya watu asiowajua, kwa sababu ambazo hataulizwa.

Na hiari yenyewe ni ipi? Wanafunzi wa chuo cha California walikataa mafunzo ya kijeshi kwa ajili ya dini yao ya Kikristo, wakasimamishwa masomo. Na mwaka 1934 mahkama ile ile ikawajibu kwamba hakuna aliyewalazimisha kuingia chuo kile. Jawabu hili lina ukweli wa kisheria, lakini maskini hulisikia kwa sikio jingine. Mwenye mali huchagua baina ya njia kumi. Asiyekuwa nayo huambiwa achague baina ya saini na kubaki nyumbani. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na deni hili si la fedha tu. Kijana auza hukumu yake ya kesho kwa ada ya leo, na ahadi ni deni.

Basi rai yetu ni hii. Hatusemi uafisa ni haramu, wala hatusemi ni halali kwa kila mtu. Twasema: asiye na hakika asitie saini kwa ajili ya ada peke yake, kwani mwenye kuapa kwamba ameingia kwa hiari, na moyoni ajua kuwa ameingia kwa dhiki, ameanza kazi yake kwa neno lisilotimia. Aliyeingia kwa kuitaka kazi, akaijua sheria yake, autumie mwaka wa kwanza, ambao hauna deni kwa mfadhiliwa wa miaka minne, kujiuliza maswali ambayo baadaye yatakuwa ghali. Asome tarekhe ya vita vya nchi ile kama asomavyo ramani. Na akiwa afisa, aipime kila amri ya kuni kabla haijafika amri ya moto.

Mwisho, neno hili ni letu sisi wazee na wenye mali, huku na huko. Twamlaumu kijana aliyechukua fedha za jeshi. Je, tulimpa zetu akakataa? Arusi moja ya siku nne hula ada ya mwaka mzima, na matanga yetu hula nyingine. Jamaa wakutanapo kwa biriani hupatikana mamia; wakutanapo kwa ada ya yatima hupatikana udhuru. Mwenye kumwacha mtoto wake mlangoni mwa mwingine hana haki ya kuuliza kwa nini ameingia. Tukitaka hiari ya vijana wetu iwe hiari kweli, tuilipie. Kisha atakayechagua uafisa na achague, naye atakuwa afisa bora, kwa kuwa alikuwa na njia nyingine akaja kwa kutaka.

Wabillahi tawfiki.