Mwenye Nyumba ya Wageni

Kwenye dirisha la malipo la hospitali ya misheni hapa Kitengela, nilipofanya kazi miaka sita, kulikuwa na droo ya dhamana: vitambulisho, hati za pikipiki, simu moja yenye kioo kilichopasuka. Ukutani juu yake tulitundika picha ya Msamaria Mwema.

Mama mmoja wa upande wa Isinya alijifungua kwa upasuaji. Mumewe alikuwa amehamisha ng'ombe kufuata nyasi, simu haipatikani. Mama huyo alizuiliwa wodini siku tisa baada ya daktari kumruhusu, na kila usiku ukaongezwa kwenye bili ileile. Mwishowe akaacha kitambulisho.

Sheria iko wazi: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kumfungia mgonjwa kwa deni ni kuvunja Katiba. Mimi nauliza la imani. Tunamhubiri Msamaria na kumsahau mwenye nyumba ya wageni, aliyeachiwa majeruhi kwa dinari mbili na ahadi ya salio. Ahadi ya mtu wa jamii iliyodharauliwa! Hospitali ya dini ndiye huyo mwenye nyumba. Najua dawa hununuliwa, na wauguzi wana watoto wa kusomesha. Basi sadaka ijaze mfuko wa maskini, deni liandikwe, mzazi aende kwake.

Yule baba alirudi baada ya wiki tatu, akauza ndama wawili Kajiado, akalipa yote. Kitambulisho cha mkewe nilikitoa drooni kwa mkono wangu.