Kuume na Kushoto: Mtoto Aliyeanza Udhu kwa Miguu



Katika chuo kimoja tulichokizuru palikuwa na picha ukutani za kufundishia udhu. Zilikuwa nane, zimepangwa safu moja kama yapangwavyo maneno ya Kiarabu: picha ya viganja ilikuwa mwisho wa upande wa kuume, na ya miguu mwisho wa kushoto. Chini yake hapakuwa na neno wala tarakimu. Mtoto wa miaka kama minane aliitazama safu ile, akaenda birikani, akaanza kwa miguu na kumaliza kwa viganja. Baadhi yetu tulicheka. Mwalimu akamkaripia. Tulipomwuliza, mtoto alijibu kwa adabu: "Maalim, nimefuata picha."

Na kweli alizifuata. Asubuhi yuko skuli, na huko kila kitu chaanzia kushoto. Alasiri yuko chuoni, na huko msahafu waanzia kuume. Ni nani aliyemwambia picha za ukutani ni za upande upi? Hapana. Basi twakiri kuwa kicheko chetu hakikuwa na haki.

Wala jambo hili si dogo. Kwetu sisi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafi, kufuatanisha viungo ni katika faradhi sita za udhu, kwa utaratibu ule ule wa uso, mikono, kichwa na miguu uliotajwa katika Suratul Maida, aya ya 6. Mwenye kuupindua wote hakupata ila kuosha uso, ikiwa alitia nia. Na sala aliyoisali kwa udhu huo haikusihi.

Wataalamu wamelichungua jambo hili. Mwaka 1991 Barbara Tversky na wenziwe walitangaza habari za watoto na watu wazima waliopewa vibandiko wapange mambo yanayofuatana kwa wakati, kama chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Wenye kusema Kiingereza walielekea kuanza kushoto. Wenye kusema Kiarabu walielekea kuanza kuume. Wenye Kiebrania wakawa baina ya hao. Mwaka 2010 Lera Boroditsky na Alice Gaby waliandika habari za wenyeji wa Pormpuraaw, huko Australia, ambao hupanga wakati kutoka mashariki kwenda magharibi, wakageuka watakavyogeuka. Kwa hivyo jana na kesho hazina upande wao wenyewe. Mtu huzoeshwa, na kalamu ni katika vinavyomzoesha.

Wapo watakaosema: Mtume (s.a.w.) alipenda kuanza kwa kuume, basi mwandiko wa kuume ndio wa dini. Sisi twasema, alipenda hivyo katika kujitwaharisha, kuchana nywele na kuvaa viatu. Ama mwandiko, Waarabu waliuandika kutoka kuume kabla ya Uislamu, na Mayahudi vile vile. Wapo na wengine, hasa vijana waliosoma, wasemao kuwa mwandiko wa Kiarabu wenda kinyumenyume. Kinyume cha nini? Wazee wetu waliandika Kiswahili chenyewe kwa herufi hizo. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ni hivyo. Kwao ilitosha kutundika picha kuanzia kuume, kwani aliyejua kusoma alijua pa kuanzia. Mtoto wa leo ana njia mbili kichwani, nasi twamfundisha kana kwamba anayo moja.

Tulishauriana na mwalimu yule. Mmoja wetu alitaka picha zigeuzwe zianzie kushoto. Tukaona huko ni kulihamisha kosa tu, kwani watoto wachanga wa pale wameanza alifu kabla ya kuingia skuli. Mwisho tuliziteremsha ukutani moja chini ya moja, viganja juu na miguu chini, kwa kuwa miandiko yote miwili hushuka. Kando ya kila picha mwalimu aliandika tarakimu kwa chaki, kuanzia 1 hata 8.

Na yule mtoto alitawadha tena, akairudia adhuhuri yake. Mwalimu alisimama kando ya birika, akimtajia kiungo baada ya kiungo.